Hela ya Kiwanja, Siti ya Nyuma
Wanaume wana vitu vyao. Wa kwangu, tangu aone Long Way Down, ile safari ya mwaka 2007 ya Ewan McGregor na Charley Boorman kutoka Uskoti hadi Cape Town, moyo wake uko kwenye BMW R1200GS Adventure. Siyo bodaboda hiyo, mwenzangu. Ni dubwana la zaidi ya kilo 250, tangi lake linameza lita 33. Mpya hatuiwezi, labda iliyotumika. Na hela ipo: ile tuliyokuwa tunadunduliza kwa ajili ya kiwanja.

Sikukataa. Nilisema tu, "Hela ni yetu wote, basi tunaenda kukagua wote."

Ya kwanza, bei ya kutupa, ilikuwa ya mtalii aliyeshuka nayo kutoka Ulaya akachokea hapa Dar. Nikaomba kadi. Hakuna kadi, kuna kaneti: kile kitabu cha forodha kinachoruhusu chombo kupita bila ushuru ili mradi kitoke tena nchini. Ukinunua kabla ushuru haujalipwa, umenunua kesi. Tukaaga.

Ya pili ilikuwa na namba za hapa. Tulimwomba mwenyewe asiiwashe kabla hatujafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Fundi wetu akaigusa: baridi. Silinda zake zimechomoza kushoto na kulia, pikipiki ikilala ndizo zinazopokea ardhi, kwa hiyo mikwaruzo pale ni historia tosha. Ilikuwepo, midogo, upande mmoja. Kisha akaisimamisha kwa stendi kubwa, akatikisa gurudumu la nyuma. Haina mnyororo, inaendeshwa na shafti, na beringi ya huko nyuma ni ugonjwa wake unaojulikana. Likacheza kidogo.

"Umesikia, shem?"

Nikalishika mwenyewe. Nikasikia. Bei ikashuka papo hapo.

Mume wangu akaanza kutabasamu. Nikavaa kofia ngumu nikapanda nyuma, maana huko ndiko nitakakokaa mimi. Barabarani, raha tupu! Ila kwenye foleni ya Mwenge aligusa lami kwa ncha za vidole tu, siti iko karibu sentimita 90 juu, na pikipiki ikaanza kuegemea pembeni nami nikiwa juu yake.

Aliyesema "hapana" ni yeye, siyo mimi. Sasa tunatafuta GS ya kawaida, yenye siti ya chini na tangi la lita 20. Kikomo ni nusu ya ile hela.