Alasiri ya Manyovu
Alhamisi ile tulipanda Manyovu kutoka Kasulu, tukapita migomba na mibuni hadi karibu na mpaka wa Burundi, kukishangilia chuo chetu cha ualimu. Tulishinda 2–1. Hata hivyo, barazani pa msikiti, baada ya swala ya Alasiri, tulikuwa wakali: beki ya kushoto ilivuja, kipa ndiye aliyetuokoa, na mshambuliaji wetu, ingawa mabao yote mawili ni yake, kipindi cha pili alitembea tu. Tulikwisha kumwita mvivu.

"Wanangu," akasema mzee mwenyeji, "wakati wa mapumziko nilimpa maji, akayakataa. Kijana yule alifunga huku amefunga."

Saumu ya sunna! Tukanyamaza. Hatukuondoka mapema, ilipoadhiniwa Magharibi, kila mmoja wetu alikuwa akimtafutia ndizi na maji.