Difu Mpya, Breki za Zamani

Leo ni zamu yangu kuandika. Wiki iliyopita mtu mmoja aliniuliza kwa nini kwenye fomu zangu za kambini naandika sana neno "sijaangalia", wakati wenzangu wanajaza "sawa" kutoka juu mpaka chini. Alidhani mi ni mvivu. Jibu lake ni refu kidogo, na linaanzia chini ya kamiyo moja ya zamani huku Nyakabuye.

Mi ni mtoto wa Uvira. Nilipitia Kamanyola nikaingia Rwanda kwa mpaka wa Bugarama. Sekondari nilimaliza, ila si ya ufundi. Kambini najitolea siku tatu kwa wiki: naandikisha watu wapya, nakagua mabomba ya maji na vyoo. Siku zinazobaki nashinda kwenye gereji ndogo huku Nyakabuye kwa fundi mmoja, Mnyarwanda anayeongea Kiswahili vizuri kwa sababu ya miaka mingi na madereva wa Bukavu na Bujumbura. Tunamwita Mzee. Mshahara hakuna, ila kuna chakula cha mchana na kuna kujifunza.

Kwa wasioijua Nyakabuye: wengi wanaisikia kwa sababu ya maji moto yanayotoka ardhini, amashyuza. Chini yake kuna bonde la Bugarama, sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kama mita 950 juu ya bahari, kuna mashamba ya mpunga na joto kama la kwetu. Halafu milima inaanza. Barabara nyingi za kupanda huku ni za udongo, na mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Gari la mizigo hapa linapanda na saruji kutoka Bugarama, linashuka na mbao.

Kamiyo ninayoisema ni Canter yenye umri kama wangu. Ikipakia mifuko 60 ya saruji, mlima ulikuwa unaishinda. Dereva anaweka gia ya kwanza, injini inalia, maji yanachemka, watu wanashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mwenye gari akachoka. Akapata difu kutoka kwenye kamiyo nyingine iliyokufa, akaileta gereji akasema, "Mzee, nataka hii ipande na mifuko 80."

Kwetu Uvira tunasema ponti, mafundi wa huku wanasema difu. Ni ile nundu ya katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani kuna gia mbili: pinioni, ile ndogo inayozungushwa na propela, na krauni, ile kubwa inayozungusha magurudumu. Mzee hakuniambia namba, aliniambia nizitafute. Tuliinua magurudumu ya nyuma yote mawili, tukafunga kamba nyekundu kwenye propela, tukayazungusha pamoja mzunguko mmoja. Propela ikazunguka mara tano na zaidi ya robo. Tulipofungua tukahesabu meno: krauni 37, pinioni 7. Ile difu nyingine ilikuwa 37 kwa 6, yaani propela inazunguka mara sita na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja.

Jino moja tu limepungua kwenye pinioni, lakini nguvu inayofika kwenye gurudumu inaongezeka kama moja ya sita. Si bure. Mwendo unapungua, na kwenye tambarare injini inazunguka zaidi, kwa hiyo mafuta yanaliwa zaidi. Hata spidimita inadanganya, kwa sababu yenyewe inasoma kwenye giaboksi: ikionyesha 70, kweli unakwenda 60.

Kazi ya difu ilituchukua siku mbili. Krauni na pinioni ni kama bwana na bibi, zimezoeana, huwezi kuchukua moja ya hapa na nyingine ya pale. Mzee alipaka rangi kwenye meno, akazungusha, akaangalia alama imegusa wapi. Ikigusa pembeni anaongeza au anapunguza vile vibati vyembamba, anazungusha tena. Mi nilichoka kuangalia. Yeye hakuchoka.

Kabla ya kuanza, Mzee alimwambia mwenye gari, "Tuanze na breki. Gari ikipewa nguvu ya kupanda, itapelekwa juu na mzigo mkubwa. Na juu hakuna anayelala huko, lazima ishuke." Mwenye gari akasema pesa ni ya difu tu, breki zinashika. Wakabishana, mwisho wakakubaliana: tutafungua magurudumu manne tuangalie lainingi na silinda, na tutamwaga mafuta ya breki ya zamani tuweke mapya. Sehemu ikionekana mbovu, mwenye gari atatafuta pesa.

Hiyo kazi ya breki nilipewa mimi.

Nilifungua magurudumu matatu. Lainingi hazikuwa mpya ila zilikuwepo. La nne, la nyuma kushoto, ngoma yake ilikataa kutoka. Niligonga, ikakataa. Jua lilikuwa linazama, nilikuwa na njaa, na safari ya kurudi kambini ni ndefu. Nikajiambia, matatu yako sawa, la nne litakuwa wapi? Nikarudisha gurudumu. Mafuta ya breki nayo sikuyamwaga, niliongezea tu juu mpaka kwenye alama. Mzee akauliza kutoka kwenye difu, bila kuinua kichwa, "Breki?"

Nikasema, "Sawa, Mzee."

Siku ya kujaribu ilikuwa sherehe. Mifuko 80 ni tani 4, na gari lenyewe linakaribia tani 3. Lilipanda kwa gia ya pili, taratibu, bila jiwe hata moja nyuma ya gurudumu. Mwenye gari alinunua soda kwa kila mtu. Mi nilipiga picha chini ya ile difu nikaituma kwa yaya wangu aliyeko Burundi, nikaandika: "Kazi ya mikono yangu."

Siku ya tisa nilikuwa kwenye kabini, na dereva, Mkongomani mwenzangu, mtu mzima tunayemwita Papa. Tulikuwa tunashuka na mbao. Juu ya mbao walipanda watu watatu walioomba lifti, mmoja ni mwanafunzi wa sekondari wa hapo Nyakabuye, miaka 17, akitoka shule. Papa alikuwa kwenye gia ya tatu, anagusa breki kila kona. Nilisikia harufu kama ya chuma na mpira unaoungua. Papa akasema, "Pedali imekuwa laini." Kona iliyofuata alikanyaga, mguu ukafika chini kabisa. Hakuna kitu.

Sitasahau jinsi alivyofanya. Hakupiga kelele. Alikanyaga klachi mara mbili, akalazimisha gia ya pili, injini ikalia vibaya lakini ikashika. Akavuta breki ya mkono, ambayo kwenye hii kamiyo inashika propela, si magurudumu. Halafu akaupeleka ubavu wa gari kwenye ukingo wa mlima, upande wa juu, tukasugua udongo na majani mpaka tukasimama. Upande wa pili kulikuwa bonde.

Hakuna aliyekufa. Wawili walishuka wakitetemeka. Yule mwanafunzi aliruka kabla gari halijasimama, akavunjika mkono wa kulia.

Mzee alikuja na pikipiki. Ile ngoma ya nne aliitoa kwa bolti mbili: kuna matundu ya kuingiza bolti, ukizikaza zinaisukuma ngoma itoke yenyewe. Ningeuliza, angenionyesha kwa dakika moja. Ndani, lainingi ilikuwa imekwisha mpaka kwenye riveti, silinda inavuja, chuma kimekuwa cha bluu kwa moto. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai iliyolala. Hakuuliza mbele ya watu. Alingoja tufike gereji.

"Hili gurudumu uliliangalia?"

"Hapana, Mzee."

Akakaa kimya. Halafu akachukua chaki, akanifanya nipige hesabu kwenye ukuta. Gari la tani 7 likishuka kimo cha mita 500, na kazi yote ikiachiwa breki, joto linalopatikana linatosha kuchemsha karibu lita 100 za maji ya baridi. Bidoni tano. Nyinyi mnaobeba bidoni kila asubuhi mnajua tano ni ngapi. Sasa moto wa kuchemsha bidoni tano uweke ndani ya ngoma nne za chuma. Kama gurudumu moja halishiki, yale matatu yanaubeba peke yao.

Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, hata kama gari halijaharibika. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Yakishavuta maji, kipimo kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika. Ndiyo maana pedali inakwenda chini bila kitu. Kuongezea mapya juu ya ya zamani, kama nilivyofanya, hakuondoi yale maji.

Halafu akasema, "Hesabu umeimaliza. Sasa twende kwa mama wa yule mtoto."

Ndugu zangu, hapo niliogopa kuliko kwenye kamiyo. Mi ni mgeni hapa. Nilifikiri watasema wakimbizi wametuletea balaa, na kesho nisikanyage tena Nyakabuye. Mzee alinisindikiza mpaka mlangoni, akakataa kuongea kwa niaba yangu. Yule mama anauza mchele Bugarama, Kiswahili anakijua. Nilimwambia yote: magurudumu matatu, la nne, njaa, neno "sawa". Alinisikiliza akiwa amesimama. Mwisho akasema, "Mkono wa kulia ndio wa kuandikia. Mitihani iko karibu. Wewe umesoma?"

Nikasema nimesoma.

"Basi utamwandikia."

Wiki sita nilikuwa nakwenda pale jioni baada ya gereji. Ananisomea kutoka kwenye madaftari ya wenzake, mi naandika kwenye daftari lake. Masomo ni kwa Kiingereza, mi nimesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo wiki ya kwanza alinicheka sana kwa maneno niliyokosea. Sasa Kiingereza changu kimepanda, na yeye ananiita yaya. Mkono ulipona, ingawa hauwezi kunyooka kabisa. Hilo nalijua kila nikimsalimia.

Kamiyo ilitengenezwa upya, safari hii kwa mpango wa Mzee. Lainingi mpya zilipigwa riveti magurudumu yote manne, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja tu gari linavutwa pembeni. Ngoma zilipelekwa kuchongwa, bila kuvuka kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye ngoma yenyewe. Silinda zikapata mipira mipya, na mabomba ya mpira yakabadilishwa. Mafuta ya zamani yalimwagwa yote, tukaweka ya DOT 4, tukatoa hewa tukianza na gurudumu la mbali zaidi. Vumbi la lainingi za zamani tulilifuta kwa maji na kitambaa, hatukupuliza, maana nyingi za zamani zina asbesto, na asbesto inaharibu mapafu. Tulifufua pia kile kifuniko cha bomba la moshi kinachosaidia injini kuzuia gari mlimani. Kilikuwa kimeganda kwa kutu na hakuna aliyejua.

Na ile difu? Ilibaki. Mzee anasema ilisaidia kutuokoa, kwa sababu kwenye gia ya pili injini ilizuia gari zaidi kuliko ambavyo difu ya zamani ingezuia. Sasa Papa anashuka na gia ileile aliyopandia, au ndogo zaidi, na hakuna mtu anayepanda juu ya mbao. Wengine wanashuka kwenye nyutro ili kuokoa mafuta. Muulize dereva yeyote wa Kenya kuhusu mteremko wa Salgaa, atakuambia hiyo akiba inalipwa vipi.

Basi hilo ndilo jibu langu kuhusu fomu. Kambini tunapewa karatasi yenye mistari 20: bomba hili, choo kile, taa ya usiku, familia namba fulani imepata blanketi. Mwisho wa siku miguu inauma, giza linaingia, mistari mitatu imebaki. Kuandika "sawa" kunachukua sekunde moja. Mkubwa wa ofisi atafurahi, ripoti itakwenda ikiwa safi. Lakini kuna mtu atapita kwenye ile njia usiku akiamini kwamba taa inawaka, kwa sababu mimi nimesema.

Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, naomba jambo moja kwa heshima. Mkiona mjitolea ameandika "sijaangalia", msimgombeze mbele ya wenzake. Mkimgombeza, wiki ijayo ataandika "sawa". Mpeni nusu siku akamalize, au muulizeni ni kitu gani kilikataa kufunguka. Pengine anahitaji bolti mbili tu.

Fomu yangu ya wiki hii ina "sijaangalia" mbili: bomba la mwisho kule nyuma na mlango wa choo kimoja. Kesho asubuhi nitakwenda. Mwenye nafasi aje twende pamoja.