Moto Unaojipikia

Sisi wa mjini jiko la Primus tunalijua kwa kelele zake. Likiguruma, ujue chai i karibu. Lakini wangapi tumewahi kuinama tukauliza linaguruma nini?

Mimi nilifundishwa na baba mdogo, fundi wa karabai na majiko. Unamwaga spiriti kidogo kwenye kikombe, unawasha, bomba linapata moto, ndipo unapiga pampu. Mafuta ya taa yakipita humo yanageuka mvuke, yanachomoka kwenye kitundu chembamba, yanavuta hewa, na mwali unakuwa wa buluu. Kuanzia hapo moto unajipikia chakula chake wenyewe. Mswidi Frans Lindqvist aliliunda jiko hilo mwaka 1892. Ila ukipampu bomba likiwa baridi, yanatoka mafuta mabichi na moto unaruka. Baba mdogo ana kovu mkononi.

Basi rafiki yangu mmoja wa kijiweni akaja na ndoto: tupate mvuke juu ya Primus, uzungushe dainamo, tusome usiku umeme ukikatika. Msicheke. Mapacha wa Kimarekani, akina Stanley, waliendesha magari kwa moto wa namna hii, na mwaka 1906 moja lilikimbia kilomita 205 kwa saa huko Florida. Abner Doble, miaka ya 1920, aliacha kuyachemsha mafuta bombani. Aliyapuliza kwa feni yakawa ukungu, akayawasha kwa cheche ya umeme. Maji aliyapitisha kwenye bomba refu lililosokotwa: maji machache, moto mwingi.

Hapo ndipo tulipokosana. Mwenzangu alikuwa na mtungi wa zamani, akataka auzibe kabisa. Nikamwambia, wapi bwana! Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke inadai nafasi ya lita kama 1,600. Ukiinyima, itajitafutia. Bomba jembamba likipasuka linatoa mvuke kidogo. Mtungi ukipasuka unaondoka na ukuta, na wewe. Akaniita mwoga. Siku tatu hatukusalimiana.

Siku ya nne alikuja mwenyewe. Mtungi ameuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mkononi ana bomba la shaba na valvu ya kupunguzia mvuke.

"Haya, mwoga," akasema, "tunaanza na valvu."

Dainamo bado haijazunguka. Ikizunguka, nitawaandikia kwa mwanga wake.