Maji Yaliyolala

Mabogini, Moshi

Mpwa wangu Salumu,

Huku mpunga tumeshavuna, na goti langu linauma kama kawaida yake.

Picha za bustani yako nimeziona kwenye simu. Mchicha umestawi, sikatai. Lakini nyuma yake nimeuona mto, na mpira wa pampu yako umo ndani. Hapo ndipo nikavaa miwani nikatafuta karatasi, maana mambo mengine hayaandikwi kwa kidole gumba. Msomee na mama yako. Najua ameshasimama nyuma yako.

Msimbazi naujua kuliko wewe. Unatoka vilima vya Pugu ukiwa maji, na ukifika daraja la Selander umeshabeba kila kitu cha Dar es Salaam. Nyumba nyingi za jiji hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Ni vyoo vya shimo na makaro tu. Nimeendesha gari la majitaka miaka 19. Vichochoroni mpira wetu haukufika, na hata pale ulipofika, wengi hawakuwa na hela ya tripu. Basi masika yakianza, watu hutapisha: choo kinatobolewa ubavuni, mvua inamaliza kazi.

Nami nimewahi kutapisha. Usinitazame hivyo, dada. Nilikuwa najenga, sina hata senti, choo kimefurika, na dereva wa gari lenyewe ni mimi! Nikatoboa usiku. Asubuhi nikamkuta mtoto wa jirani anaelesha mashua ya karatasi kwenye mfereji uleule. Sikumwambia mtu. Nilimwita nikamnawisha mikono kwa sabuni, mara mbili, naye akadhani nampenda sana. Kipindupindu kilipoanza Dar Agosti 2015, mtoto yule alikuwa ameshakuwa kijana, lakini kila nikisikia redio nilikuwa naiona mashua ile.

Utaniuliza: Mjomba, mbona nanyi huko mnalima mpunga kwa majitaka? Kweli. Majitaka ya mji wa Moshi huletwa kwenye mabwawa hapa Mabogini, na yakitoka humo tunayaingiza mashambani. Ila yetu yamelala. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, uchafu mzito unatuama. Linalofuata, jua na mwani wa kijani vinafanya kazi. La mwisho ni la kina kifupi, jua lipenye na kuua vijidudu. Siku zinapita, mayai ya minyoo yanazama. Bwawa likijaa tope lisizolewe, maji hupita mbio yakatoka jinsi yalivyoingia. Hilo nimeliona mahali fulani, sipataji. Na mpunga unakobolewa, kisha unapikwa. Kule Windhoek, Namibia, tangu 1968 wanayasafisha majitaka hadi wanayanywa, kwa mitambo na upimaji usiokoma.

Ya Msimbazi hayajalala hata usiku mmoja. Na zaidi ya hayo kuna viwanda vinavyomwaga taka humo. Mama yako akichemsha mchicha vizuri, vijidudu vitakufa, lakini metali nzito haziondoki kwa moto.

Kwa hiyo sikuombi, nakuambia: mchicha huo ung'oe. Kodi ya shamba umeshalipa, basi panda maua na miche ya miti. Harusi za Dar haziishi. Saladi au nyanya za kachumbari usithubutu. Vaa gambuti, na ukirudi nyumbani oga kabla hujambeba mtoto. Wale wenzako wanaosuuza mboga mtoni ili zing'ae sokoni, zungumza nao taratibu. Usijifanye mwalimu, nao wana watoto wa kulisha. Hasara ya mchicha tutagawana, nimetenga kidogo, ila shangazi zako wasijue.

Kiroba cha mchele nimempa kondakta wa basi, kapokee stendi ya Mbezi Jumamosi. Umelimwa kwa maji hayahaya ya mabwawani. Mama yako akisita, mwambie mimi naula tangu nilipostaafu, na kinachoniuma ni goti tu.

Mjomba wako