Stelingi Aliyekufa Mara Mbili

Kwa sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe korongoni, azingirwe na watu mia wenye mapanga, atanyanyuka tu. Ukimwona kafa, ujue yule hakuwa stelingi. Subiri, mwenyewe anakuja. Tuliitoa sheria hiyo kwenye filamu za Hong Kong, tangu enzi za mikanda na deki, na tuliishikilia hata pale ilipokuwa na walakini. Bruce Lee katika Fist of Fury ya mwaka 1972 anamalizia kwa kuirukia midomo ya bunduki, picha inaganda akiwa hewani. Tukatoka kibandani tukibishana hadi nyumbani, na walioshinda ubishi ni wale waliosema hakufa, kwani nani kamwona akianguka?

Aliyekuja kuivunja sheria ile ni Qiao Feng.

Tamthilia yake inaitwa Tian Long Ba Bu. Ilitengenezwa China mwaka 2003 chini ya mtayarishaji Zhang Jizhong, vipindi 40, na huku kwetu ilifika baadaye kwenye diski za mtaani, vipindi vingi vimebanwa kwenye diski moja, picha ina chenga, maandishi ya Kiingereza chini yanakimbia kuliko macho. Aliyejua Kiingereza aliwasomea wenzake. Nyumbani kwetu msomaji nilikuwa mimi. Nilipokwama nilitunga, na hakuna aliyelalamika.

Tulianza kuangalia tukitaka mapigo tu. Qiao Feng ni mkuu wa Chama cha Ombaomba, kundi kubwa la wapiganaji wanaovaa matambara na kuilinda dola ya Song dhidi ya Wakhitan wa dola ya Liao, upande wa kaskazini. Silaha yake ni Viganja Kumi na Vinane vya Kumtiisha Joka, na Hu Jun aliyemwigiza alikuwa na kifua na sauti ya kuvibeba. Anakunywa pombe kwa bakuli, anacheka kwa kishindo, akiahidi ameahidi. Halafu siku moja, katika shamba la miti ya aprikoti, wazee wa chama wanasimama mmoja mmoja mbele ya wanachama na kueleza kwamba mkuu wao si Mhan kama wao. Ni Mkhitan. Miaka thelathini nyuma, kwenye lango la mlimani la Yanmen, mashujaa wa Kihan walivizia familia moja iliyokuwa ikipita, wakamuua mama, baba akajirusha gengeni akiwa na mtoto, kisha akamrusha mtoto juu, na mtoto huyo akapelekwa kulelewa na wakulima maskini wa Kihan. Mtoto ndiye yeye.

Niliposoma maandishi hayo kwa sauti, bibi, aliyekuwa akijifanya anachagua mchele, aliinua kichwa. "Nani kamlea?" akauliza. Nikamwambia, wazee wa Kihan. "Basi huyo ni wa kwao," akasema, akarudi kwenye ungo wake. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Kwenye tamthilia ndiyo kwanza ilianza, na mimi nikajikuta sisubiri tena mapigo. Nilitaka kujua watu waliompenda jana watamfanya nini leo.

Jibu likaja kwenye tukio ambalo mpaka sasa naweza kulisimulia bila kuangalia tena. Qiao Feng anaingia kwenye jumba la Juxian akiwa amembeba msichana aliyejeruhiwa, Azhu, ili tabibu bingwa aliyemo humo amtibu. Jumba limejaa wapiganaji waliokusanyika kwa ajenda moja tu: namna ya kumuua yeye. Haombi msamaha wala hajitetei. Anaomba pombe. Anasema, kila aliyekuwa rafiki yangu aje tunywe bakuli moja, na tukishakunywa urafiki umekwisha, ukiniua huna deni kwangu, nami nikikuua sina deni kwako. Wanakuja. Mwingine anakunywa macho yakiwa chini, mwingine anagonga bakuli kwa hasira. Kwenye kitabu ni mabakuli hamsini hivi. Mapigano yanayofuata ni ya kutisha, vumbi na meza zikiruka, lakini uchungu wote ulishamwagwa kwenye mabakuli. Kila anayeanguka pale tulishamwona akinywa.

Na mapenzi nayo yalitokea humohumo kwenye uadui. Azhu alimpenda mtu aliyekuwa ametengwa na mataifa mawili. Walipanga wavuke mpaka wakafuge kondoo na ng'ombe huko mbugani, basi, mambo ya Han na Khitan wawaachie wenyewe. Kabla ya hapo Qiao Feng anataka alipize kisasi cha mara ya mwisho, kwa mtu ambaye yeye amedanganywa kuwa ndiye muuaji wa wazazi wake. Usiku wa mvua, juu ya daraja la mawe, anampiga kiganja adui yule. Aliyeanguka ni mwepesi kuliko alivyotarajia. Anamvua sura ya bandia, ni Azhu, amejigeuza baba yake, ambaye ndiye adui yule, ili afe badala yake, na ili Qiao Feng asije akawindwa na ukoo mzima wa wafalme wa Dali. Siku ile hakuna aliyeniomba nisome maandishi. Liu Tao, aliyemwigiza Azhu, hakuhitaji mkalimani.

Mtunzi wa kisa hiki ni Jin Yong, mwandishi wa Hong Kong aliyezaliwa Zhejiang mwaka 1924 na kufariki mwaka 2018. Alianza kukichapisha mwaka 1963, kipande kwa kipande, katika gazeti lake mwenyewe, Ming Pao. Riwaya za magazetini zina viraka, na hii inavyo: mwaka 1965 mwandishi alisafiri Ulaya akamwachia rafiki yake Ni Kuang kalamu, na aliporudi akakuta mhusika mmoja, Azi mdogo wake Azhu, ameshapofushwa. Ikabidi aendelee hivyo hivyo. Lakini hata ilipoazimwa kalamu, nguzo ya kisa haikutikisika, kwa sababu ilikuwa imechimbiwa kwenye historia ya kweli. Song na Liao walifunga mkataba wa Chanyuan mwaka 1005. Song ikakubali kutoa kila mwaka tael 100,000 za fedha na jora 200,000 za hariri, na kwa vizazi kadhaa mpaka ukawa na amani. Kisa kinatokea miaka ya 1090, ndani ya amani hiyo. Kwa hiyo watu wanaomchukia Qiao Feng hawako vitani. Wanafanya biashara, wanakula, wanaoana, na chuki wameihifadhi kama akiba ya njaa.

Jin Yong akaweka mtu wa pili wa kupimana naye, Murong Fu. Huyu naye damu yake si ya Kihan. Ni mzao wa wafalme wa Kixianbei ambao dola yao ya Yan ilianguka karne nyingi nyuma. Qiao Feng asili yake alibandikwa na wengine, yeye hakuitaka. Murong Fu anaikumbatia mwenyewe kila asubuhi. Binamu yake Wang Yuyan anampenda tangu utotoni, naye anamwacha ili akampose binti wa mfalme wa Xia Magharibi, apate jeshi. Mwisho anarukwa na akili, amevaa taji la karatasi, anawagawia watoto peremende ili wamsujudie.

Na Qiao Feng, ambaye sasa anaitwa Xiao Feng kwa jina la ukoo wake wa Kikhitan, anafika kilele cha cheo huko Liao. Mfalme Yelü Hongji, ambaye alikuwepo kweli katika historia na alitawala kuanzia mwaka 1055 hadi 1101, anamtaka aongoze jeshi kwenda kuipiga Song. Anakataa. Mbele ya lango lilelile la Yanmen mfalme wake anatekwa, na yeye anamwapisha kwamba maadamu yu hai hakuna askari wa Liao atakayevuka mpaka. Mfalme anavunja mshale kwa kiapo. Amani imepatikana, majeshi yanaanza kurudi nyuma, na Xiao Feng, aliyemsaliti mfalme wake ili asiwasaliti waliomlea, anaokota vipande vya mshale ule na kujichoma kifuani.

Stelingi amekufa. Safari hii tulimwona akianguka.

Mwaka 2021 ikatoka tamthilia mpya ya kisa hichohicho, vipindi 50, Qiao Feng akiigizwa na Tony Yang wa Taiwan. Niliisubiri kwa hamu. Sasa diski zimekwisha, vijana wanaingiziwa muvi kwenye flashi au wanaangalia kwa bando, picha safi unaweza kuhesabu nyuzi za kitambaa. Niliangalia peke yangu, kwenye simu, na nikajikuta nasogeza mbele, jambo ambalo zamani lingenipatia kofi.

Kwanza ni mapigo. Kila pigo limepunguzwa mwendo, nywele zinaelea, taa zinamulika kutoka kwenye viganja, na mtu anayepigwa anaruka kabla hujajua kapigwa na nini. Pili ni nyuso. Ombaomba wanaolala nje wana ngozi laini kuliko wasomaji wa taarifa ya habari. Hayo nayavumilia. Kilichonishinda ni kwamba uadui umegeuzwa pazia la nyuma. Wahan na Wakhitan wanatajwa, mavazi yao yametofautishwa vizuri, lakini huoni jirani akimgeuka jirani. Kwenye jumba la Juxian mabakuli yapo na pombe ipo. Hao wanaokuja kunywa, hata hivyo, hatujakaa nao kiasi cha kuumia wanapoukata urafiki. Wanakuja kama wageni wa harusi wanaopanga foleni ya kupiga picha. Na kwa kuwa uadui hauna uzito, mapenzi nayo hayana pa kusimama. Azhu na Qiao Feng wanatazamana muda mrefu sana, muziki unapanda, wanatazamana tena. Ile ndoto ya kwenda kufuga ilikuwa na maana kwa sababu ilikuwa njia pekee ya watu wawili kuishi. Ondoa hatari, inabaki mipango ya fungate. Nilipofika darajani nilikuwa natazama saa.

Nilijiuliza kama huu si uzee tu. Watu wa Hong Kong wanayo tamthilia yao ya kituo cha TVB ya mwaka 1997, ambamo Felix Wong ni Qiao Feng, na kabla yake ile ya mwaka 1982, ambamo Felix Wong huyohuyo alikuwa mtawa Xu Zhu. Kwao wapo wanaoona hii yangu ya 2003 ndiyo iliyoharibu mambo. Kila mtu na stelingi wake. Basi nikaitafuta ya 2003 nikairudia, safari hii bila chenga. Ina kasoro, sifichi. Mawigi mengine yanaonekana ni mawigi, watu wanapaa kwa namna inayokukumbusha kamba, na baadhi ya mapenzi ya Duan Yu, yule kijana wa ukoo wa wafalme wa Dali ambaye kila msichana anayempenda anaambiwa ni dada yake, yanachosha. Lakini zilipofika zile sehemu za uadui, simu niliiweka chini. Hu Jun hana haraka. Anapomwona mama wa Kikhitan au wa Kihan akililia mtoto aliyeuawa na askari wa upande wa pili, uso wake ndio unaokwambia hadithi inahusu nini.

Sababu za ile ya 2021 kuanguka hazihitaji mganga. Kisa hiki kimetengenezwa tena na tena: 1982, 1997, 2003, kisha 2013 na Wallace Chung, kisha 2021, na mwaka 2023 Donnie Yen akakifanyia filamu. Jina lina wateja tayari, kwa hiyo mtayarishaji hana haja ya kumshawishi mtu upya. Wateja wapya wanajulikana wanapenda nini: sura nzuri, mapenzi, rangi. Uadui wa kabila ni mgumu kuuza na mgumu kuandika, maana unataka muda, unataka watu wengi wadogo wenye sura zao, na unamtaka mtazamaji amchukie mtu aliyekuwa akimpenda kipindi kilichopita. Ukiubakiza kwenye mavazi peke yake unakwepa usumbufu wote huo. Unakwepa na tamthilia yenyewe.

Na hili linauma zaidi kwa mtu wa huku, ambako swali la kwanza la mgeni bado ni "wewe kabila gani?" na bado tunajua lini linaulizwa kwa utani na lini haliulizwi kwa utani. Ile ya 2003 haikutengenezwa kwa ajili yetu, lakini ilimfanya bibi aache mchele atoe hukumu. Hii ya 2021 nimeimaliza sijapata hata swali la kumuuliza mtu.

Kwa hiyo, kijana unayekwenda kuingiziwa muvi na flashi yako ina nafasi ya moja tu: mwambie anayekuingizia akuwekee ya 2003. Na usiangalie peke yako.