Pikapu za Endebess na Magurudumu Pacha

Mtu atokaye Kitale kwenda Endebess husafiri kama kilomita 20, na Mlima Elgon huzidi kukua mbele yake mpaka umeziba upande wote wa magharibi. Barabara hiyo, iendeleayo hadi Suam mpakani mwa Uganda, siku hizi ina lami, iliyotiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na motokaa hupita kwa raha. Walakini mahindi mengi hayaoti kando ya lami. Yako ndani, pande za Chepchoina na Matumbei, na njia nyingi za huko ni za udongo. Mavuno huanza mnamo Oktoba, mvua ikiwa bado haijaaga. Ndipo uonapo pikapu ndogo imechuchumaa nyuma, pua yake juu, na magunia yamepita kimo cha paa.

Gunia moja la mahindi lina kilo 90. Pikapu iliyoundwa kubeba tani 1 imeshiba kwa magunia 11. Wenye haraka ya kuwahi bei mjini Kitale hupakia 20, yaani kilo 1,800, na sehemu kubwa ya uzito huo huiangukia ekseli ya nyuma. Tairi hupasuka. Si ajabu basi mwenye pikapu kuzitazama Canter zinazompita, zenye magurudumu mawili mawili kila upande wa nyuma, akatamani na yake iwe hivyo.

Kazi yenyewe yawezekana. Rimu za namna hiyo zina tumbo refu, nazo hufungwa zikipeana migongo, ili uzito ukae katikati juu ya beringi. Mafundi wengine hukata njia ya mkato: hutia kipande kinene cha chuma kwenye habu, kisha wakafunga gurudumu la pili nje yake. Hapo uzito umesogezwa nje, kama mtu abebaye debe la maji kwa mkono ulionyoshwa, na wa kwanza kuchoka ni beringi na bolti. Kadhalika tairi mbili za upande mmoja lazima ziwe za kimo kimoja na upepo sawa, la sivyo moja hubeba mzigo na mwenziwe husindikiza tu. Zisigusane zinapolemewa. Na jiwe likikwama katikati yao, dereva ashuke alitoe mara moja.

Katika gereji moja pale Endebess mkulima mmoja aliuliza, “Fundi, nikitia tairi nne nyuma, si nitapakia magunia 20 bila wasiwasi?”

“Mzee wangu, tairi zitakubali. Ekseli umeiuliza?”

Fundi huyo alisema kweli tupu. Springi ni zile zile, chesisi ni ile ile, na breki, ambazo katika miteremko ya Elgon ndizo zishikazo roho ya dereva, hazikuongezeka hata kidogo. Huko Marekani, Chevrolet ilipoanza kuuza pikapu yenye magurudumu manne nyuma mwaka 1973, iliiweka juu ya ekseli na springi za gari la kazi nzito. Anayetaka jambo hili na alifanye hivyo, atafute ekseli nzima ya lori dogo pamoja na breki zake, kisha gari likaguliwe na NTSA kabla ya kurudi barabarani. Faida ataiona: gari halitayumba sana, na tairi moja ikipasuka, ya pili hulishikilia kwa muda. Lakini gharama si ndogo, na njia za shambani zilizochimbwa na trekta ni nyembamba, hata gurudumu la nje hupanda ukingo.

Kwa maoni yangu, wenye ekari chache wanaochanga fedha na kukodi Canter moja wamepiga hesabu vizuri zaidi. Pikapu huyatoa magunia shambani, 11 kwa safari, mpaka kwenye lami, na Canter huyapokea hapo.