Kwenda Jumba la Sanaa na Watoto Wawili Wadogo

Leo sitaandika kuhusu Linux wala hifadhidata, ingawa tarakilishi itajipenyeza humu ndani, msiwe na shaka.

Novemba 2023 nilikwenda Amsterdam kwa mkutano wa watengenezaji programu. Siku tatu za mkutano, nami nikaongeza siku nne za likizo. Mke wangu alisomea sanaa chuoni na anaifundisha katika shule ya upili, lakini tangu kifungua mimba wetu azaliwe alikuwa hajagusa brashi. Michoro ya Rembrandt alikuwa akiifundisha kutoka kwa kitabu, tena chenye picha nyeusi na nyeupe. Nilipotaja Amsterdam aliuliza swali moja tu: "Na watoto je?"

Mama mkwe alikuwa na jibu tayari. "Waacheni kwangu. Wa miaka mitatu ataona nini huko? Na huyu wa miezi minane hata jina lake hajalijua." Kuhusu pesa alikuwa na hoja nzuri, maana mkubwa alikaribia kulipa nauli ya mtu mzima. (Ada ya viza ya Schengen watoto walio chini ya miaka 6 hawalipi, hilo lilitusaidia.) Lakini mdogo alikuwa bado ananyonya. Mtoto akibaki, mama naye anabaki, na Rembrandt angengoja miaka mingine kumi. Tukaenda wote wanne.

Sasa tuingie kwenye shughuli yenyewe. Rijksmuseum lina vyumba 80 na vitu karibu 8,000 vilivyowekwa wazi kwa wageni. Mtu mzima hawezi kuvimaliza kwa siku moja, sembuse mtoto. Ninyi mnaoandika programu mtanielewa nikisema mtoto mdogo ni kichakato chenye kipaumbele cha juu kuliko vyote: kikiita, vingine vyote vinasimama, na havirudi pale vilipoachia. Kwa hivyo tulichagua vitu vitatu tu. Tulipanga kuingia saa tatu asubuhi milango inapofunguliwa, tukiwa tumekula, na kutoka kabla ya usingizi wa mchana. Tiketi tulinunua kwa mtandao. Watoto hadi miaka 18 huingia bure.

Kazi kubwa nilikuwa nimeifanya Nairobi. Tangu 2012 jumba hili limekuwa likiweka picha za mali yake kwenye mtandao, na zile ambazo haki zake zimekwisha unaweza kupakua bila malipo, zikiwa safi kabisa. Nilipakua Lindo la Usiku, mchoro maarufu wa Rembrandt wa mwaka 1642, nikakata vipande vinne: mbwa, ngoma, kuku aliyening'inia kiunoni mwa msichana mwenye nguo ya manjano, na mkono wa kapteni. Nikavichapisha kwenye karatasi ngumu kama kadi za kuchezea. Kijana wangu alikaa nazo wiki mbili nzima. Alizila pembe, akalala nazo, akampa yule mbwa jina la mbwa wa jirani yetu.

Mchoro wenyewe ni mkubwa mno, karibu mita 3.8 kwenda juu na mita 4.5 kwa upana. Wakati huo ulikuwa ndani ya chumba cha kioo, kwa sababu tangu 2019 wataalamu wanauchunguza na kuukarabati mbele ya wageni. Umati ulikuwepo, simu juu. Kijana alipenya katikati ya miguu ya watu hadi kwenye kizuizi, akatulia sekunde kama tano, kisha akapaaza sauti, "Baba! Mbwa wangu yuko hapa!" Mzee mmoja Mholanzi akacheka, akainama, akaomba aonyeshwe kadi. Wakaanza kutafuta kuku pamoja, huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kiholanzi.

Dakika tisa. Nilitazama saa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, dakika tisa mbele ya kitu kisichosogea ni nyingi sana. Na alipochoka, alichoka kweli, ghafla, kama stima ya Nairobi mvua ikinyesha. Hapo hakuna haja ya kumbembeleza abaki. Unamtoa.

Ndio maana tulikuwa na zamu. Niliwachukua wote wawili tukaenda kuona nyumba ya wanasesere ya Petronella Oortman, iliyotengenezwa kati ya 1686 na 1710 hivi. Inasemekana iligharimu kama nyumba halisi ya kando ya mfereji, na haikuwa ya watoto hata kidogo, ilikuwa ya fahari ya mama tajiri. Nilimwinua kijana aone jikoni na vyombo vidogo vidogo. Kisha chumba cha kubadilishia nepi, kisha ndizi nje ya jengo, kwenye njia ya baiskeli inayopita chini ya jumba lenyewe. Baiskeli zile zilimfurahisha kuliko karne yote ya 17.

Mke wangu alibaki peke yake na Rembrandt kwa dakika arobaini. Alipotujia alikuwa kimya. Akamchukua mdogo, akamnyonyesha, ndipo akasema, "Kitabu changu kimenidanganya. Kile cheusi chote kina rangi ndani yake." Sikuwa na la kuongeza.

Jambo moja kuhusu kubeba mtoto. Kigari ni kizuri kwa sakafu pana, lakini mahali penye ngazi nyingi leso inashinda. Katika jumba jingine mlinzi alimwomba mke wangu amhamishe mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani. Majumba mengi hayaruhusu mzigo wa mgongoni kwa kuwa anayeubeba akigeuka anaweza kugonga mchoro bila kujua. Kwa hivyo jizoezeni kufunga kifuani kabla ya safari.

Siku ya pili tulikwenda jumba la Van Gogh, hasa kwa ajili ya mchoro mmoja: matawi ya mlozi yenye maua meupe juu ya anga ya buluu. Van Gogh aliuchora mwanzoni mwa 1890 kama zawadi ya mtoto wa ndugu yake Theo, aliyezaliwa Januari 31 mwaka huo na kupewa jina la Vincent. Mtoto yule alikua akawa mhandisi (mwenzetu!), akaitunza michoro ya mjomba-baba yake, na juhudi zake ndizo zilizozaa jumba hilo, lililofunguliwa 1973. Nilitaka sana mdogo wetu auone mchoro uliochorwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Alilala fofofo.

Kwa wapenda teknolojia: mwaka 2022 Rijksmuseum lilitoa picha ya Lindo la Usiku yenye gigapikseli 717, iliyounganishwa kutoka kwa picha 8,439. Unaweza kukuza hadi uone nyufa za rangi. Mwaka 2021 tayari walikuwa wametumia akili bandia kuunda upya pande zilizokatwa 1715, mchoro ulipopunguzwa ili utoshee ukutani katika jengo la manispaa. Waliifunza programu kwa nakala ndogo ya zamani iliyochorwa kabla ya mchoro kukatwa.

Na mbwa? Mwaka 2025 jumba lilitangaza kwamba Rembrandt alimtoa mbwa yule kwenye mchoro wa Adriaen van de Venne, msanii aliyemtangulia. Nilipomweleza kijana, ambaye sasa yuko shule, aliuliza kama Rembrandt aliomba ruhusa. Amsterdam yenyewe haikumbuki, mama mkwe alisema kweli. Mbwa anamkumbuka. Mama yake naye ana meza ya kuchorea pembeni mwa sebule, na kila Jumamosi jioni zamu ya watoto ni yangu.

Zile kadi zimechakaa. Ninaandika programu ndogo kwa Python ya kukata vipande kutoka kwa picha yoyote na kuvipanga kwenye karatasi ya A4 tayari kwa kuchapishwa. Kwa sasa inakata vichwa vya watu katikati. Ikipona nitaiweka hapa muipakue bure.